Uzoefu wangu na ampli ya Kijapani ya miaka ya 70, niliyoifufua mwenyewe hapa Mwanza

Wakuu, kwa anayejiuliza kama ampli (amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti ya spika) ya zamani ya mtumba inalipa, mimi nasema chukua, ila uwe na moyo wa kuifungua. Yangu niliitoa soko la Mlango Mmoja imekufa kabisa, uso wa alumini, nzito balaa, na uzito wenyewe mwingi ni transfoma, ndo kilichonivutia.

Ya hivyo usiichomeke ukutani moja kwa moja. Pitisha umeme kwanza kwenye balbu ya kizamani ya wati 100, sio LED, ikiwa imeungwa kwenye waya mmoja wa kwenda kwa ampli. Ndani kukiwa na shoti balbu inawaka kali na ampli inasalimika, ikiwa nzima balbu inawaka kidogo halafu inafifia. Yangu iliwaka kali mpaka ukutani panaonekana.

Nikachomoa, nikamaliza chaji ya kapasita kubwa, yale makopo yanayotunza umeme, kwa rezista (kapasita zinapiga hata waya umeshachomoa, msizichezee), nikashika mita. Upande wa kulia safi. Kushoto transista zote mbili za pawa, zile zinazosukuma spika, 2N3055 na mwenzake MJ2955, shoti, mita inalia tu hata ukigeuza waya.

Kinachotesa ni spea aisee. 2N3055 ya kweli inabeba hadi ampea 15 na volti 60, feki nayo kwenye mita inasoma vizuri tu, ila ukiipa mzigo inakufa hapohapo. Nilizipata za kung'oa kwenye pawa saplai mbovu kwa mzee mmoja fundi pale Makoroboi, na shikamoo yake anastahili maana alizipima zote mbele yangu ndo akanipa. Halafu kitu ambacho wengi wanaruka, ganda la chuma la hiyo transista ndo kolekta yenyewe (mguu wake mmoja wa umeme), kwa hiyo kati yake na hitisinki, lile bati la kupozea, lazima kikae kile kipande cha maika cha kuzuia umeme na pesti ya kupitisha joto, na kabla ya kuwasha unapima kuhakikisha haigusi, la sivyo unarudi kwenye shoti.

Ikawaka, balbu ikafifia, lakini spika zinavuma mmmm hata sauti ikiwa sifuri. Hizo ni kapasita za saplai zimekauka, umeme wetu ni hezi 50, ukipita kwenye daiodi zinazougeuza kuwa DC mvumo unakuwa wa hezi 100. Weka zenye mikrofaradi zilezile na volti sawa au zaidi. Mikwaruzo ya nobu nikaimaliza kwa spreyi ya kusafishia kontakti, na kwa sisi tunaokaa karibu na ziwa kama Kirumba unyevu unakula sana hizo kontakti, zungusha nobu mara kwa mara.

Sauti sasa? Besi imekaa, zilipendwa unasikia mpaka vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi. Blutuuthi haina, nimeunga waya kwenye simu basi.

Ukienda kununua angalia nyuma imeandikwa volti ngapi. Zilizotengenezwa kwa ajili ya nyumba za Japani ni volti 100, ukiipa 230 yetu inaungua, hiyo inataka transfoma ya kushusha. Na kama transfoma yake yenyewe inanuka kuungua iache hapohapo, hiyo spea hutaipata.