Vikokotoo vya umbali wa ndege: kilomita ziamini, saa zihakiki

Kwa msafiri wa Kigoma, vikokotoo vya mtandaoni vinavyotaja umbali na muda wa safari ya ndege kati ya viwanja viwili vinafaa nusu. Umbali vinaupatia. Muda ndio unaopotosha, na njia yetu ya kwenda Dar inaonyesha wazi kwa nini.

Kwa umbali, chagua tovuti ya Great Circle Mapper, kwa sababu inapokea alama za viwanja za herufi tatu. Andika TKQ-TBO-DAR, yaani Kigoma, Tabora na Dar es Salaam, nayo itakupa kila kipande na jumla. Kigoma hadi Tabora ni kama kilomita 351 (reli ni 411), Tabora hadi Dar kama 733. Ukiondoa TBO, Kigoma hadi Dar moja kwa moja ni kama 1,078, hivyo kupitia Tabora hakuongezi hata kilomita 10. Tabora iko kilomita kama 50 tu kando ya mstari ulionyooka.

Epuka vikokotoo vinavyotaka jina la mji pekee. Ukiandika "Kigoma", baadhi huchukua katikati ya mkoa badala ya uwanja, na mkoa wenyewe ni mkubwa. Angalia na kipimo pia: maili 190 za baharini ndizo kilomita 351, lakini ukizigeuza kama maili za barabarani unapata 306.

Sasa muda. Vingi huchukua mwendo wa ndege ya jeti, kama kilomita 850 kwa saa, kisha vinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kigoma hadi Dar vinakupa saa 1 na dakika 46. Lakini ukipangiwa ndege ya pangaboi kama Q400 yenye viti 76, mwendo wa 600 ndio wa kukadiria: dakika 108 za kukata anga na kama 15 za kupanda na kushuka, yaani saa 2 na ushee. Ikipitia Tabora, weka dakika 50 za kipande cha kwanza, 25 hadi 30 za kushusha na kupakia, kisha karibu saa moja na nusu. Hapo unakaribia saa 3. Kinachokula muda ni kutua na kupaa upya. Kwa Kigoma–Tabora peke yake kikokotoo hutoa dakika 55, jibu zuri lililopatikana kwa bahati: nusu saa iliyoongezwa imefunika kosa la mwendo.

Kaskazini ya mbali hesabu hizo hizo hukubali vizuri zaidi. Tromsø, kaskazini mwa Norwe, hadi Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard ni kama kilomita 960, na jeti huzikata bila kituo kwa saa 1 na dakika 40 hivi. Huko kikokotoo ni cha lazima hata kwa umbali, kwani ramani bapa hutanua nchi za kaskazini kupita kiasi. Kwetu, nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, rula juu ya ramani inakaribia ukweli.

Kwa kuunganisha ndege Dar, fuata saa za kwenye tiketi, zinazohesabiwa toka ndege inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama. Tiketi huandika 13:00 kwa saa saba mchana. Uliza pia kama inapitia Tabora kwenda au kurudi, maana ratiba huenda ikawa tofauti kila upande.