Medisini boli ya kilo 3 kwa wacheza tenisi: kazi inafanya, ila angalieni kuta za watu

Kwa wenzangu wachache tunaocheza tenisi huku Mtwara, hii medisini boli, yaani mpira mzito wa raba wa kurusha mazoezini, niliagiza Kariakoo ikaja na basi, elfu 50 bila hela ya mzigo. Naipa nyota 4.

Kazi yake kubwa ni kiuno. Maana mtu anashinda jimu anabeba vyuma mpaka mikono imejaa halafu akipiga fohendi (shuti la upande wa mkono ulioshika raketi) mpira unafika kwenye neti umeshachoka, wakati nguvu ya shuti inaanzia chini, mguu unasukuma ardhi, nyonga inazunguka, kifua kinafuata, mkono na raketi vinakuja mwisho kabisa. Kwahiyo unaishika boli kwa mikono miwili, unasimama ubavu ukutani kama unasubiri fohendi, goti unalikunja kidogo, nyonga inatangulia ndo unaachia kwa nguvu zote. Mara 6 mpaka 8 kila upande, pumzika kama dakika hivi, rudia. Ukiona kasi imeshuka acha, hapo sasa unatafuta pumzi tu. Ya sevu, lile shuti la kuanzisha mchezo, unainyanyua juu ya kichwa unaibamiza chini.

Muuzaji atakuchombeza uchukue ya kilo 6 eti bei haipishani sana, mkatalie. Mpira wa tenisi wenyewe haufiki hata gramu 60, tunachotafuta ni kasi, lizigo lile litakufanya uvute kwa mgongo.

Kasoro sasa. Joto letu la Desemba mnalijua, raba ikishika jasho inateleza balaa, bila taulo utampiga mtu. Halafu inadunda sana, ukisimama karibu inakurudia kifuani, na plasta za nyumba zetu hizi haziiwezi, mi mwenye nyumba kashanipiga marufuku. Siku hizi naenda nayo Shangani ufukweni jioni maji yakitoka, narusha mbele naifuata, mchanga unakaba miguu vizuri tu.

Zile bendi (mipira ya kuvuta) za bure zilizokuja nayo moja imekatika mapema, ila msizidharau, misuli ya nyuma ya bega ndo inaupigia mkono breki ukishapiga sevu na boli haiigusi sana.

Mkiagiza mwambieni awape yenye vinundu, siyo ile laini ya kung'aa. Bei ileile.