Boti imerudi inang'aa, makopo yangu ya epoksi yamerudi mazima

Mafundi wangeiba ningewaelewa. Fundi akikuibia epoksi unajua imeishia mahali, kuna tangi la mtu au bampa la daladala limenufaika. Hawa wa kwangu niliwapa epoksi, gundi ya kuchanganya resini na hadena ya kuigandisha, wazibe ufa wa boti yangu. Walinirudishia makopo yote mawili, la resini na la hadena, na lakiri ya kiwandani haijaguswa, yamefutwa vumbi, yamepangwa ndani ya boti kama zawadi ya harusi. Halafu kwenye risiti wameandika "resini na hadena", na nimelipishwa.

Ni karakana moja ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, hapo Arusha. Jina siweki, maana nikiliweka itabidi niandike kwa heshima. Wanaohangaika na magari ya watalii wataitambua kwa kazi zake: mapaa ya kufunguka ya Land Cruiser, bampa, matangi, vifuniko vya pikapu. Kazi hizo nimeziona kwa macho yangu na sina neno. Ndiyo maana nilifunga safari kutoka Moshi na boti juu ya tela.

Boti yenyewe ni ya matanga, ya faiba, imetengenezwa Uingereza zamani, nikaipata Tanga kwa mtu aliyekuwa anafungasha virago. Inakaa uani kwangu na inateremshwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Mnaotaka kucheka chekeni sasa mmalize. Bwawa lile linapokea mito ya Kikuletwa na Ruvu, maji si haba, upepo wa alasiri unatosha kulaza mlingoti, perege wapo, na mamba wapo. Hilo la mamba mlishike.

Ufa ulikuwa chini, pale sanduku la mkuku linapokutana na sakafu. Mkuku wa boti hii ni ubao wa kupandisha na kushusha, unapita ndani ya sanduku lililoko katikati. Upepo unasukuma tanga huku juu, mkuku unakataa kule chini, na ugomvi wote unamalizikia kwenye kona ile. Ongeza na barabara ya kutoka Tanga. Ulikuwa na urefu wa kiganja, ukianzia konani na kuelekea nyuma. Ukibonyeza kwa dole gumba, midomo yake inacheza na tone la maji linachungulia. Ufa wa namna hiyo si wa jelkoti. Jelkoti, lile tabaka la rangi la juu, huchanika vimistari vyembamba kwa uzee tu, na mtu anaweza kuzeeka navyo. Huu ulikuwa umekata nyuzi. Ukigonga kwa sarafu mahali pazima panalia kwa sauti kali. Pembeni ya ufa paliitika kizito, pamekufa.

Kazi yake inajulikana, na niliwaeleza kabla sijaacha hata senti. Futa kwa asetoni kwanza ndipo upige msasa, la sivyo unaisugua nta na grisi mpaka ndani. Chimba ufa wote hadi ufikie nyuzi nzima. Acha pakauke, pakauke kweli. Kisha chonga mteremko: kwa kila milimita 1 ya unene, milimita 12 za mteremko. Pale kwangu ukuta ni milimita 6, kwa hiyo milimita 72 kila upande. Mtu asiyejua akiona ufa wa unywele unachongwa bonde la namna hiyo atadhani umerukwa na akili, lakini tabaka mpya hushikia kwenye upana, na bila upana umeziba tundu tu, nguvu hujarudisha. Nikawapa na epoksi, kwa sababu poliesta, ile resini ya kawaida ya faiba, ikiwa mpya juu ya poliesta iliyokomaa miaka arobaini haiwi kitu kimoja nayo, inaishikilia tu kwa juu, na epoksi inashika kuliko. Nikawapa na kitambaa cha kufuma, maana ule mkeka wa faiba wa kila siku gundi yake inayeyushwa na stairini, kiyeyushi kilichomo kwenye poliesta, na epoksi haina stairini. Vyote niliagiza Dar, kwa bei ambayo mama watoto hajaambiwa hadi leo.

Bosi ni kijana, kiumri ni mwanangu wa pili. Shikamoo hakuna.

"Mambo vipi, Mzee Nuhu! Gharika lini?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Nikameza. Nilipokuwa naeleza habari za mteremko alikuwa anachati, anaitikia "poa, poa mzee, tumekusoma", na mimi nikiona kabisa hajasoma kitu. Alikuwepo dogo mmoja mwenye vumbi la faiba mpaka kwenye kope, ndiye pekee aliyeuliza: "Mzee wangu, na ndani tuchonge, au nje tu?" Swali la mtu anayejua. Bosi akamkata: "Wewe kasugue bampa."

Nilipoenda kuichukua, sitasema uongo, nilifurahi. Inang'aa! Mahali pa ufa huwezi kupaonyesha hata kwa tochi. Weupe wa jelkoti wameupatia na ule wa zamani, kazi ambayo mafundi wengi inawashinda kwa sababu weupe uliozeeka una umanjano wake. Nikalipa laki kadhaa, nikawashukuru, nikawapa na ya soda. Makopo niliyaona nikiwa nafunga kamba za tela. Nikamuuliza dogo. Akaangalia chini.

Nyumba ya Mungu boti ilikaa sawa mpaka tulipopata upepo wenyewe. Ikalala ubavu, nikasikia "tak" moja chini ya miguu, na haikupita muda maji yakawa kwenye vifundo. Shemeji yangu alikuwa mbele. Hajui kuogelea, na wavuvi walikuwa wametoka kumsimulia habari za mamba asubuhi hiyo hiyo. Tulifua maji kwa kopo la rangi na kwa kofia yake, tanga limeshushwa, mpaka mitumbwi ya wavuvi ikaja kutuvuta. Shemeji hajanisemesha vizuri tangu hapo.

Sasa jibu nililopewa Arusha. Nimekwenda nimetulia, naapa, nimetulia.

"Mzee Nuhu, si ulitaka ufa usionekane? Unauona?"

Nikamwambia boti inavuja.

"Hiyo dawa yako ya Dar inachelewa kukauka, na mimi hapa nina magari ya watu, wageni wanashuka KIA kila siku. Halafu mzee, tuseme ukweli, huko mlimani maji utakutana nayo wapi?"

Nimemsimulia kwamba nimekutana nayo. Akaniambia basi niipeleke boti Tanga, kuna watu wa kalafati. Kalafati! Boti ya faiba ikazibwe kwa pamba na mafuta! Na alikuwa anasema hivyo ameegemea paa la gari alilolitengeneza mwenyewe vizuri kabisa, ndicho kilichoniuma zaidi. Mtu asiyejua kazi unamhurumia. Huyu anaijua.

Kwenye baridi nampa nusu ya haki yake. Ilikuwa katikati ya ile baridi ya Arusha, mnaoishi huko mnaijua, asubuhi ukungu na mikono haifunguki. Epoksi kwenye baridi huvuta siku, na huwezi kuiharakisha kwa kuongeza hadena, maana vipimo vyake ni vya kudumu, ukizidisha imeharibika. Lakini poliesta nayo baridi haiipendi! Hiyo walau inakubali hadena ipunguzwe au iongezwe kidogo, kati ya asilimia 1 na 2, ndiyo inayowapa kiburi, na pale wanaipima kwa kifuniko cha soda na jicho. Kiraka walichoniwekea kwa ndani kilikuwa bado kinanuka resini mbichi wiki nyingi baadaye. Bosi anasema poliesta isiyo na nta lazima inate juu. Kweli, inanata juu. Mimi nilibonyeza ukucha, ukucha ukazama.

Dogo alikuja Moshi mwenyewe, siku isiyo ya kazi, joto limesharudi. "Shikamoo mzee. Mimi nilimwambia." Hakusema zaidi, akavaa barakoa akawasha grenda. Moshi iko chini kuliko Arusha kwa kama mita 500, na siku hiyo jua lilikuwa linafanya kazi na sisi.

Jelkoti nzuri ikaondoka kwa dakika chache. Chini yake vumbi likabadilika, likawa la waridi. Waridi! Ile rangi ya puti ya magari ikishachanganywa na hadena yake nyekundu. Walikuwa wamepanua mdomo wa ufa kidogo, wakashindilia puti, wakapiga msasa, wakapulizia. Puti haina nyuzi. Ni unga na resini, inajaza ubonyeo wa mlango wa gari na hapo inafaa sana, lakini mahali panapopindwa na mkuku itapasuka tu. Dogo akaendelea. Chini ya puti, ufa wangu ulikuwepo vilevile, mweusi kwa unyevu, haujaguswa, na harufu ya siki ikatupanda puani, ndiyo ile ya faiba iliyonywa maji. Hawakukausha hata kidogo. Walifungia maji ndani wakayapaka rangi juu.

Dogo akazima grenda, akapitisha kidole pale, akakitazama. "Samahani, mzee wangu." Yeye ndiye aliyeomba radhi, na si yeye aliyeamua.

Tuliacha pakauke mpaka mchongo ukawa mweupe, tukachonga mteremko wote kwa rula, kitambaa tabaka kwa tabaka, ndani na nje, epoksi ikapimwa kwa mizani ya jikoni. Ile nta yake inayojitokeza juu ikishakauka tukaiosha kwa maji kabla ya msasa, maana rangi haishiki juu yake. Weupe haujapatana hata kidogo, kuna baka ambalo utaliona ukiwa barabarani. Bwawani imelala ubavu mara kadhaa tangu hapo, chini kukavu.

Nyota ngapi? Nilitaka kutoa moja. Lakini nikisema moja nitakuwa nimemwonea dogo, ambaye ni mtu wao, na mapaa yao bado ni mazuri. Tuseme tatu kwa magari. Kwa chochote kinachogusa maji, sifuri, na hela ya resini naidai. Nimeidai kwa simu, ananijibu kwa picha za kuchekesha.

Tatizo ni kwamba chini ya mlingoti nako kumeanza vimistari. Nimegonga kwa sarafu, panalia vizuri, ni jelkoti tu. Na jelkoti, niseme nini, hakuna anayewafikia. Nitaipeleka kwao. Ila nitakaa hapo hapo kwenye stuli mpaka wamalize, na hela ya resini itakatwa kwenye bei, na atakayeniita Nuhu tutajuana.