Injini ya 1NZ iliyovuka kilomita laki tatu: kwa nini niliitengeneza badala ya kununua ya mtumba

Nianze na jibu, kwa mwenye haraka. Kama injini yako ya Toyota 1NZ-FE imetembea sana na inakula oili, lakini haijawahi kuchemsha na haigongi huko chini, usikubali kuitupa kabla haijapimwa kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Mafundi wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia dawa ni kununua injini ya mtumba. Nikatengeneza hii hii iliyokuja na gari, na leo inapanda mlima Kitonga na mzigo bila kutoa moshi.

Gari ni Toyota Probox ya mwaka 2006, cc 1,500, gia za mkono. Nakaa Iringa. Nachukua nyanya na vitunguu Ilula, nashusha Morogoro, na msimu ukiwa mzuri nafika hadi Dar. Dashibodi inasoma zaidi ya kilomita 318,000. Injini hii ndiyo iliyomo kwenye IST, Raum, Platz, Allex, RunX na Fielder nyingi za cc 1,500 tunazoziona barabarani, ndiyo maana spea zake hazikosekani. Inatumia cheni, si mkanda wa taimingi, na ina VVT-i, ule mfumo unaotumia presha ya oili kuzungusha kidogo kamshafti ya vali za kuingiza hewa. Hilo la presha ya oili lina uzito wake, nitalirudia.

Ugonjwa ulikuwa hivi: kwenda Morogoro na kurudi, kama kilomita 600, ilikuwa inameza lita nzima. Kitabu cha Toyota kinavumilia hadi lita moja kwa kilomita 1,000, hivyo yangu ilishavuka mpaka. Na injini yenyewe inabeba lita 3.7 tu ukibadili oili pamoja na filta, kwa hiyo ikipungua lita moja umebakiwa na chini ya robo tatu. Wanaoziua 1NZ kwa kawaida hawaziui kwa moshi. Wanaendesha bila kuchungulia dipstiki mpaka taa nyekundu ya oili inawaka, na taa ile ni ya presha, haipimi kiasi. Ikiwaka ukiwa mlimani na mzigo, beringi za konrodi, zile fimbo zinazobeba pistoni, zimeshaanza kulika. Mimi nilikuwa napima kila asubuhi gari likiwa limesimama sawasawa na injini imepoa, na lita ya akiba haikutoka chini ya kiti. Ndicho kilichoniokolea injini mpaka ikafika mikononi mwa fundi ikiwa bado ina kitu cha kutengeneza.

Fundi wangu ni mzee mmoja wa Kihesa, kwa umri wake namwita Baba. Hakukimbilia boneti. Aliuliza kwanza moshi wa bluu unatoka wakati gani: asubuhi nikiwasha, nikipanda na mzigo, au nikishateremka Kitonga kwa gia ndogo halafu nikakanyaga mafuta pale chini? Nikamwambia yote matatu.

“Basi mwanangu, hapo una magonjwa mawili,” akasema.

Alivyonieleza ni hivi. Unapoteremka mlima mrefu umeachia pedeli, injini inavuta kwa nguvu lakini hewa imezibwa, na kama mipira ya vali, yaani vali sili, imekauka na kuwa migumu, oili ya kwenye hedi, sehemu ya juu ya injini, inanyonywa kupitia pembeni mwa fimbo za vali. Ukikanyaga tu, inaungua yote kwa pamoja na nyuma unaacha wingu. Moshi wa asubuhi ni wa mipira hiyo hiyo, oili imedondoka usiku kucha. Lakini moshi wa kupanda na mzigo ni wa chini, kwenye ringi, zile pete zinazozunguka pistoni.

Kisha akapima. Nawasihi, hapa msimruhusu fundi aruke. Alipasha injini moto, akatoa plagi zote nne, akazima mafuta, akakanyaga pedeli hadi mwisho huku msaidizi akipiga stata. Geji ikasoma psi (kipimo cha presha) 148, 150, 118 na 145. Kitabu cha 1NZ kinasema psi 213 ikiwa safi, isishuke chini ya 156, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Kwa kuangalia namba hizo peke yake, injini nzima imekufa, na nadhani wengi wameuziwa injini nyingine kwa kusomewa kitabu namna hiyo. Ila Iringa ipo juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na geji yoyote itasoma pungufu kwa karibu moja ya sita. Ukilipigia hesabu hilo, silinda tatu zilikuwa bado hai kabisa na moja tu ndiyo mgonjwa. Baba akamimina kijiko cha oili ndani ya ile ya tatu, akapima tena, ikaruka hadi 147. Oili ikiziba mwanya kwa muda na kompresheni ikapanda, mwanya uko kwenye ringi. Isingepanda, tungeanza kutafuta kwenye vali au gasketi ya hedi.

Kabla ya kufungua tulijaribu vitu vya bei nafuu, na maoni yangu juu yake ni haya. Vali ya PCV, ile ndogo inayorudisha mvuke wa injini kwenye hewa inayoingia, badilisha tu: ni rahisi, na ikiziba inasukuma oili itoke kila penye sili. Oili nzito ya 20W-50 ilipunguza ulaji kwa kiasi, lakini asubuhi za Juni na Julai hapa Iringa baridi inauma, na kwa oili hiyo cheni ilikuwa inalia kwa sekunde kadhaa kila nikiwasha kwa sababu oili inachelewa kufika juu. Mfumo wa VVT-i nao unahitaji oili inayopita kwenye njia nyembamba, hivyo gari lilikuwa zito likianza safari. Nikarudi kwenye 10W-40. Ile dawa ya chupa ya “kuzuia moshi” inaongeza unene tu; moshi ulipungua mpaka oili iliyofuata, ukarudi. Pesa yake nunulia filta nzuri.

Kuhusu injini ya mtumba sitasema ni mbaya. Kuna watu zimewafaa. Ila mimi niliulizia, bei ilikuwa kama milioni moja na laki nane kabla ya ufundi, na dhamana yenyewe ni ya kujaribu siku chache. Unanunua injini ambayo historia yake huijui kukwepa injini ambayo historia yake unayo. Juu ya hapo, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha kuna makaratasi ya kufuatilia TRA (mamlaka ya mapato), na ukiyapuuza yatakusumbua siku ya kuuza. Ukiamua kununua, fungua kifuniko cha oili uangalie chini yake. Ukikuta tope jeusi limeganda, ondoka.

Tukafumua. Sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, iliposhuka, tulichokiona kilinikasirisha kwa niaba ya injini. Fundi fulani wa zamani, kabla gari halijawa langu, alikuwa amepaka silikoni nyingi mno kwenye sampu. Ilipobanwa ikatokeza kwa ndani, vipande vikakatika na kwenda kukaa kwenye chujio la pampu ya oili. Karibu nusu ya chujio ilikuwa imezibwa. Injini ya 1NZ haina gasketi ya karatasi pale, silikoni ndiyo yenyewe, lakini unapaka uzi mwembamba, hupaki kama plasta ya ukuta. Mkiona fundi anabana tyubu nzima, mzuieni.

Pistoni zilipotoka, jibu likawa mezani. Ringi za oili, zile za chini kabisa kwenye kila pistoni, zilikuwa zimegandana na masizi kwenye mifereji yake, za silinda ya tatu hazichezi hata kidogo. Kazi ya ringi hiyo ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kupitia matundu madogo ya pistoni. Ikiganda, oili inabaki ukutani na kuungua. Hayo ni matunda ya miaka ya oili kubadilishwa kwa kuchelewa. Silinda zenyewe zilikuwa nzuri, tena bado zina alama hafifu za msalaba za kiwandani upande wa chini. Hili ndilo lililoamua kila kitu, kwa sababu bloku ya 1NZ ni ya aluminiamu na ndani yake kuna silivu, yaani mabomba membamba ya chuma. Haina nyama ya kuchonga kama zile injini za chuma za zamani. Baba alipima kila silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili, akaridhika, tukazisugua kidogo kwa jiwe ili ringi mpya zipate pa kushika.

Ringi nilizifuata mwenyewe Dar, Gerezani, na nilinunua za asili. Zipo za bei chini ya nusu, na boksi linafanana kabisa. Njia moja ya kujua unachopewa ni kuingiza ringi ndani ya silinda, kuisawazisha kwa kichwa cha pistoni, na kupima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Seti nzuri inakubaliana silinda zote nne. Seti mbovu kila ringi ina lake.

Hedi ilifunguliwa pia, vali zikasagwa na vali sili zikawekwa mpya zote kumi na sita. Tukabadilisha beringi za konrodi, cheni pamoja na tenshena na reli zake, wotapampu, na tukasafisha kile kichujio kidogo cha VVT-i kilichojificha nyuma ya bolti kwenye hedi, ambacho mafundi wengi hawajui kama kipo. Kilikuwa kimejaa uchafu mweusi. Bolti za hedi Baba alizifunga kwa toki renchi: Nm 29 kwanza, halafu robo mzunguko, halafu robo mzunguko tena, kuanzia katikati kwenda pembeni. Nilimwona kijana wa gereji ya jirani akishangaa kwa nini asikaze tu kwa mkono mpaka zigome. Hedi ya aluminiamu iliyokazwa kwa kubahatisha inapinda, na ikipinda utamwaga maji na pesa.

Jambo lingine alilolirudisha ni thamostati. Ilikuwa imetolewa siku nyingi, na hii ni tabia ya gereji nyingi: gari likichemsha mara moja, thamostati inatupwa kwa madai kwamba nchi yetu ina joto. Injini imeundwa kufanya kazi ikiwa moto. Thamostati ya 1NZ inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na bila hiyo, hasa ukanda wa baridi kama huku, injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inaongeza petroli ikidhani ndiyo kwanza imewashwa, petroli inaosha oili ukutani na tope linajijenga. Ikitolewa, ringi zako zinaanza safari ile ile ya kuganda. Tukaweka mpya, na kwenye rejeta kulanti badala ya maji ya bomba.

Gharama yote, spea, ufundi, oili mara mbili na kulanti, ilikuwa kama milioni moja na laki tatu na nusu. Nauli ya Dar sijaihesabu. Gari lilikaa gereji zaidi ya wiki, na kwa mtu wa biashara ya nyanya hizo siku zinauma. Mkipanga kazi hii, ipangeni nje ya msimu.

Kilomita elfu moja za mwanzo sikubeba mzigo mzito wala kukaa kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Nilikuwa nakanyaga kwa nguvu ya wastani, naachia, nakanyaga tena, ringi zikae sawa na kuta. Kisha nikamwaga oili ile, ikatoka na vumbi la chuma linalong'aa, jambo la kawaida. Sasa namwaga kila kilomita 5,000 bila kuvusha. Kompresheni ilipopimwa tena hapa hapa Iringa ilisoma kati ya 168 na 172 kwa silinda zote. Ulaji wa oili umeshuka hadi kama robo lita kati ya sevisi na sevisi. Petroli inatosha mbali zaidi, na plagi zikitolewa zina rangi ya kahawia badala ya utandu mweusi wa mafuta.

Havijaisha vyote. Kuna jasho la oili mbele, kwenye sili ya krenki (shafti kuu ya injini), ambayo tungeibadilisha wakati ule ule kama ningepata ya asili. Ipo kwenye orodha. Na nafasi za vali zinahitaji kuangaliwa tena, kwa sababu kwenye injini hii hazijirekebishi zenyewe: za kuingiza hewa ziwe milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea moshi 0.25 hadi 0.35, na marekebisho ni kubadilisha vikombe vinavyokaa juu ya vali, kazi ya uvumilivu ambayo si kila gereji inaikubali.

Na kama silinda zingekuwa na mikwaruzo ninayoweza kuihisi kwa ukucha, au kama hedi ingekuwa imewahi kupindishwa na joto, au krenki ingekuwa inagonga, ningenunua injini ya mtumba siku hiyo hiyo. Kwa bloku ya namna hii hapo hakuna cha kuokoa, na fundi anayekuahidi kuichonga silinda “ongezo moja” muulize kwanza pistoni za saizi hiyo atazitoa wapi.