Mashine ya kulabu ya kutikisa matawi: inafaa kupunguzia machenza?

Habari zenu wakulima wa machenza. Leo tunaiangalia hii mashine yenye kulabu mbele na ingini nyuma. Kwa asili ni ya kuangushia zeituni, ila sasa wauzaji wanasema inapunguza hata matunda machanga kwenye mchenza uliozaa kupita kiasi.

Kupunguza ni lazima, hapo hatubishani. Mchenza ukiachiwa kila tunda, mwaka huu utakupa vichenza saizi ya ndimu, matawi yatapasuka, na mwakani utakaa kapa kwa kuishiwa akiba ya chakula.

Tazama kishada hiki: tunda moja kubwa, matatu kama gololi. Naweka kulabu, resi sekunde mbili, nazima. Kimeanguka nini? Lile kubwa! Na ndivyo itakavyokuwa karibu kila mara. Mtikisiko unavuta tunda kwa uzito wake, kwa hiyo zito linachomoka, jepesi linabaki limeng'ang'ania. Mashine inaangusha ulilotaka kubakiza.

Sogea uone na hapa kwenye ganda la tawi. Kulabu ikikaa kimshazari, au mpira wake ukilika, inasugua tawi mpaka linachubuka, hasa wakati wa mvua mti ukiwa na utomvu mwingi. Hapo gundi inatoka na ukungu unaingia. Kama umeshainunua, shika tawi kwa pembe mraba, resi fupi fupi, na mpira wa akiba uwe nao. Petroli changanya na oili kwa kipimo cha kitabu chake. Ikiandikwa 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa lita ya petroli. Mashine yenyewe ni zaidi ya kilo 10, mabega yatakuambia.

Kwa kazi hii, chukua mkasi wa mpini mrefu wa kuvuta kwa kamba. Subiri mti umalize kupukutisha matunda machanga wenyewe. Anza na matunda yenye makovu, madogo, na yaliyosimama juu juani. Kishada kibaki na tunda moja, nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Kata kikonyo, usivute. Ukivuta unararua ganda pamoja na majani.

Ni polepole, ndiyo. Lakini mkasi unachagua. Ukitoka kwenye mti mgonjwa, futa makali kwa spiriti kabla ya kugusa mwingine.