Waliomba maoni, bibi yangu alipoyatoa wakamkatiza

Nimengoja siku kadhaa kabla ya kuandika nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Hapa Lamu, mtaa wa Mkomani, kuna nyumba moja ya wageni ambayo mara moja moja hufungua ua wake baada ya isha. Watu huketi mikekani, hadithi moja husomwa kwa sauti, kisha kila mtu hutoa lake. Kiingilio ni shilingi 500, kahawa na halua humo humo. Jina la nyumba silitaji, sitaki kumharibia mtu riziki yake. Ilikuwa juzi juzi, baada ya Maulidi, wageni wengi wakiwa bado mjini. Nilimpeleka bibi yangu, aliyemzaa mama. Umri wake umepita 80 na usiku hatoki ovyo, lakini nilipomwambia kuna hadithi ya nyumba isiyo na watu, alijifunga buibui mwenyewe kabla sijamaliza.

Hadithi ilikuwa ile ya Ray Bradbury wa Marekani, “There Will Come Soft Rains”, aliyoitoa mwaka 1950. Niseme haki: sijawahi kusikia hadithi ikisomwa vizuri hivyo. Aliyesoma alikuwa binti mdogo, sauti yake tulivu, na tafsiri ilikuwa safi isipokuwa mahali pamoja ambapo pamenikera mpaka leo. Nyumba ile inapika kifungua kinywa cha watu ambao hawapo: mayai 8, vipande 8 vya mkate, na vipande 16 vya nyama ya nguruwe. Waliotafsiri wakamgeuza nguruwe kuwa samaki. Kwa nini? Sisi ni watu wazima. Nguruwe wa kwenye karatasi hamnajisi mtu, na waliokula asubuhi kule California walikuwa wanakula chao. Ukianza kumfichia msomaji mambo madogo, makubwa atayaaminije?

Kwa ambaye hajaisoma, mambo yenyewe ni haya. Nyumba iko Allendale, California, mwaka 2026, yaani miaka 76 mbele ya mwandishi. Inajiendesha yenyewe. Sauti inatangaza saa, jiko linapika, panya wa mitambo wanatoka ukutani kufagia. Mji wote umeshateketea kwa bomu, imebaki nyumba hii moja. Ukuta wa nje umeungua ukawa mweusi, isipokuwa sehemu tano ambazo rangi imesalia kwa umbo la vitu vilivyoukinga moto: baba anakata nyasi, mama ameinama anachuma maua, mtoto wa kiume mikono juu, mpira hewani, na msichana anayengoja kuudaka mpira huo ambao hautashuka. Mwalimu mmoja wa sekondari alitukumbusha kwamba vivuli vya namna hiyo vilionekana kweli Hiroshima mwaka 1945, juu ya mawe. Ua wote ulinyamaza.

Maoni yalianza vizuri, wallahi. Mvuvi mmoja wa Shela alisema kilichomuuma ni mbwa. Mbwa wa nyumba anarudi amekonda, ana vidonda mwili mzima, anazunguka akiwatafuta wenyewe mlango hadi mlango, anakufa, na wale panya wanamkokota kwenye tanuri la taka. Akasema, “Humo ndani nzima, mwenye kutafuta watu ni yeye peke yake.” Mtu wa bahari, na hapa kwetu mbwa haingii nyumbani, lakini aliyasema hayo akiangalia chini. Kijana mwingine akaleta habari za simu zinazoongea na majiko yanayojizima. Sikumsikiliza sana.

Kisha msimamizi akauliza, “Nani mwingine ana la kusema? Wazee wetu?”

Bibi akainua mkono.

Inafaa mjue bibi yangu ni nani. Mama yake alitoka kisiwa cha Pate. Utotoni alikuwa akivuka kwa mashua kwenda kwa jamaa zake, akicheza kwenye magofu ya mji ule wa kale, kati ya kuta za mawe ambazo sasa zimezungukwa na mashamba ya tumbaku. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir hakuisoma kitabuni. Aliipata kwa kusikia, kwa mama yake, na beti nyingi anazo moyoni mpaka leo. Kwa asiyeijua, ni utenzi ambao mshairi anauhoji moyo wake mwenyewe, na kuuonyesha majumba ya matajiri wa Pate yalivyobaki matupu. Yalikuwa na taa, vyombo na watumishi. Sasa popo wananing’inia juu, nyenje wanalia kumbini, na kwenye madaka, vile vishubaka vya ukutani, yaliyopangwa visahani vya thamani wamelala makinda ya ndege.

Bibi akasema (nakariri maneno yake kama nilivyoyashika), “Nyumba hii naiyua. Ni ya Pate. Lakini ya Pate iliwakubali nyuni, hii haitaki hata nyuni mmoja.”

Nyuni ni ndege. Nilisisimka. Kwa sababu ni kweli! Mle hadithini kuna shomoro anagusa dirisha kidogo tu, na nyumba inafyatua pazia kwa nguvu, ndege anakimbia. Bradbury anatilia mkazo pale pale kwamba hata ndege asiiguse. Nilikuwa nimepita hapo bila kupaona. Mwalimu naye alikuwa amepita. Bibi, aliyeisikia mara moja tu, ndiye aliyepaona: magofu ya Pate yamegeuka kiota, yana uhai ndani yake, lakini nyumba ile ya mitambo inawafukuza walio hai na kuwapikia wafu. Akaanza kutoa ubeti ule wa madaka, kwa sauti ya chini, kama anavyousoma barazani.

Hakufika mstari wa pili.

Msimamizi akanyanyua kiganja. “Bibi, samahani, hapa tunazungumzia sayansi ya kubuni, mambo ya mbele. Mashairi ya zamani yana siku yake.” Kisha akacheka, akaongeza, “Na nyuni ndiyo nini? Tuseme Kiswahili ili wageni wetu waelewe.”

Tuseme Kiswahili. Amwambia hivyo mwanamke wa Lamu, ndani ya Lamu, kuhusu neno ambalo limo kwenye utenzi ule ule aliomkatiza! Wawili watatu walicheka naye. Bibi akasema, “Haya, mwanangu,” akavuta buibui yake, akanyamaza. Baada ya hapo sikusikia kitu. Kahawa watu waliisifu, mimi niliiona maji.

Na hicho anachokiita mashairi ya zamani, hakusikia kwamba kimo ndani ya hadithi yenyewe? Saa tatu na dakika tano usiku nyumba inamuuliza Bi McClellan, mama wa nyumba ile aliyekwisha kufa, anataka shairi gani. Kimya. Inamchagulia yenyewe, la Sara Teasdale, la mwaka 1918 vita kuu ya kwanza ilipokuwa ikiishia: mvua laini, mbayuwayu, vyura wakiimba madimbwini, na hakuna hata mmoja kati yao atakayejali binadamu wakitoweka. Mwandishi wa sayansi ya kubuni aliliweka shairi katikati ya hadithi yake, na jina la hadithi akalitoa humo humo. Ukimkataza mtu kujibu hadithi hii kwa shairi, umeisoma au umeitangaza tu? Nyumba ile iliuliza ikakosa wa kujibu. Huyu aliuliza, akajibiwa, akalikataa jibu.

Nilikuwa nimeazimia kuandika “msiende kabisa” na kuishia hapo. Siwezi. Yule binti msomaji anastahili ua uliojaa. Yule mvuvi nitamkumbuka miaka. Tena bila jioni ile nisingeijua hadithi hii, na ni hadithi kubwa. Basi niseme nendeni. Lakini nikikumbuka alivyosema “Haya, mwanangu”, narudi pale pale: msimpeleke mzee wenu. Au mpelekeni, mkae karibu naye, na akikatizwa msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuwa ubavuni mwake na sikufungua mdomo.

Kurudi, tulipita vichochoroni polepole, yeye ameshika ukuta. Hakulalamika. Aliuliza nyumba iliishaje, maana mwisho hakuusikia vizuri. Nikamweleza: upepo, tawi likavunja dirisha la jikoni, chupa ya dawa ya kusafishia ikapasukia jiko, moto. Nyumba ikapiga kelele kuita maji, maji yakaisha. Asubuhi umebaki ukuta mmoja, na sauti ndani yake inataja tarehe ya siku ile, inarudia, inarudia.

Akasimama. “Yaambia nani?”

Nikasema hakuna mtu.

“Sayyid aliuambia moyo wake,” akasema, tukaendelea kutembea.

Siombi kurudishiwa shilingi 500. Namtaka msimamizi aje kwetu siku yoyote baada ya alasiri, aketi barazani, amsikilize bibi atoe beti zake mpaka mwisho bila kunyanyua kiganja. Kahawa ipo. Akija, nitarudi hapa hapa nibadilishe niliyoandika.