ShredOS: kifutio cha diski kabla ya kuuza kompyuta kuukuu

Kufomati kwa haraka (quick format) hakufuti data. Kwa kawaida kunaondoa orodha ya mafaili tu, na programu ya kurejesha mafaili huyarudisha upesi. ShredOS, ya bure, huandika data mpya juu ya ile ya zamani kwenye diski nzima. Iandike kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, chagua diski kwa kitufe cha nafasi, M kwa njia ya kufuta, kisha Shift na S kuanza. Kagua ukubwa na namba ya diski kwanza: flashi yenyewe na diski ya nje uliyosahau kuchomoa huweza kuonekana kwenye orodha, na ShredOS haiulizi mara mbili.

Raundi moja ya kuandika diski nzima pamoja na uhakiki yatosha. Diski ya GB 500 inayoandika MB 100 kwa sekunde huchukua kama dakika 83 kwa raundi, uhakiki mbali. Raundi saba ni kupoteza umeme. ShredOS inaishinda DBAN, programu ya zamani ya kufuta diski, ambayo toleo lake la mwisho ni la 2015 na husumbua kwenye mashine za UEFI (mfumo wa kuwashia wa kompyuta mpya).

Kwa SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani inayozunguka), usiitegemee ShredOS. SSD huficha sehemu za akiba ambazo kuandika juu hakuzifikii; tumia amri ya kufuta iliyo ndani ya diski yenyewe. Diski yenye sekta mbovu? Itoboe kwa drili.